Majibu ya Damu ya Bayingana

Mwaka jana Mukantwari, mtafiti wa maabara moja ya Kigali, alichukua damu ya mafundi wa kuchomelea wa Gisozi. Alitafuta kimeng'enya kinachokinga seli dhidi ya sumu ya moshi, akitumia kingamwili ya kununua, iliyouzwa kuwa hukinasa kimeng'enya hicho na kuacha alama. Alama zilitokea nzito, naye akamwambia fundi Bayingana kuwa mwili wake unajikinga vizuri.

Wiki hii aliijaribu kingamwili ileile kwenye seli zisizo na kimeng'enya hicho kabisa. Alama ikatokea vilevile. Kumbe ilikuwa ikinasa kitu kingine.

Mkuu wake alimwambia anyamaze, kwa kuwa ripoti ilikwisha chapishwa. Mukantwari akaenda Gisozi.

“Dokta, ulisema damu yangu iko na nguvu,” Bayingana alisema. “Ndiyo nikakataa kazi ya duka kule Kabuga.”

“Kipimo kilinidanganya. Nisamehe.”

“Sasa iko na nguvu au hapana?”

“Sijui.”

“Basi usirudi tena na sindano zako,” Bayingana akasema, akawasha mashine.

Mukantwari alikuwa amebakiza mafundi kumi na saba wa kuwaambia.