Asili ya Papa Ngoy

Toussaint aliletwa kutoka Kinshasa kututengenezea programu ya kuandikisha watu waliokimbia vita upande wa Nyunzu. Mimi, Adolphine, nimeandika programu hapa Kalemie miaka sita. Aliniita “ma petite”, yaani binti mdogo. Nina miaka thelathini na minane.

Alikuja na kiolezo chake cha zamani, Muntu. Kiolezo chetu, Mukimbizi, kilirithi kila kitu kutoka humo, pamoja na kitu ambacho hakuna aliyekijaza: asili, yaani kabila, chanzo cha vita vyenyewe. Programu iliikokotoa yenyewe kutokana na kijiji cha kuzaliwa na jina la baba.

“Itatokea kwenye faili ya JSON tunayotuma kwa simu za wagawaji wa misaada,” nilimwambia.

“Nimeificha kwenye ekra ya kompyuta.”

“Kuificha kwenye ekra hakuizuii kutoka.”

“Ma petite, kazi hii nimeifanya Kinshasa.”

Kana kwamba Kinshasa ni jibu.

Jumanne, kwenye ugawaji wa blanketi, simu zilionyesha yote. Mgawaji mmoja, mjinga mwenzake Toussaint, akasoma kwa sauti mbele ya foleni: “Ngoy, watu wanne, asili…” Akaitaja. Foleni nzima ikageuka. Papa Ngoy akamshika mke wake mkono, wakaondoka mikono mitupu.

Mama Angélique, msimamizi wa foleni, akanipigia simu.

“Nani aliwaambia muandike vile?”

“Hakuna aliyeandika, Mama. Mashine imekokotoa.”

“Basi mashine yenu haina akili.”

“Ina akili ya aliyeitengeneza.”

Toussaint alikataa kuigusa Muntu. Eti ripoti zake zingeharibika. Nikafungua Mukimbizi, nikaorodhesha vinavyoruhusiwa kutoka: namba, jina, idadi ya watu. Vingine vyote, hata vya kurithi, vibaki ndani. Mistari minne. Nikajaribu, asili haikutoka.

Akachungulia juu ya bega langu. “Njo vile nilikuwa nafikiri.” Kisha akamwandikia mkurugenzi kwamba ameimarisha usalama wa data.

Nilimpelekea Papa Ngoy blanketi zake.

“Ile neno mumeifuta?” akauliza.

“Kwenye simu, ndiyo, Papa.”

“Na kwenye masikio ya watu?”

Wiki iliyofuata alihamishia familia yake Kirungu.

Toussaint alirudi Kinshasa na cheti cha shukrani. Nilikichapisha mimi. Jina lake nililikosea kwa makusudi, na hakugundua.