Pakiti Kumi za Shangazi

Magoti ya shangazi yalikuwa yamegoma. Miaka ishirini ameuza krispi za ndizi stendi, beseni kichwani, na daktari alishamwambia atafute kazi ya kukaa. Ndiyo maana nikamkokota mtaalamu wa biashara ndogo hadi jikoni kwetu kijijini. Duka kubwa la mjini lilikuwa tayari kuchukua krispi zetu, mradi pakiti kumi za majaribio ziwe na uzito sawa: gramu mia.

Mtaalamu, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alituletea mizani. Akapima, akafundisha, akarudia. Shangazi aliitikia kila neno kwa unyenyekevu ambao ningeutilia shaka mapema, kama ningekuwa na akili.

Siku ya siku, mnunuzi wa duka akapanga pakiti mezani kwake mjini, akazipima moja moja. Ya kwanza gramu mia na ishirini. Ya pili mia na kumi na tano. Ya tatu mia na arobaini.

"Mama, vipi hapa?" aliuliza.

"Nyongeza hiyo," shangazi akasema. "Mteja aondoke hivihivi? Hiyo ya tatu ni ya mjamzito."

"Mjamzito yupi?"

"Atakuja tu. Kwani duka lenu halina watu?"

Ya saba ikawa na themanini tu. Mtaalamu akafumba macho.

"Hiyo ni ya mwenye maringo," shangazi alieleza. "Hajibu salamu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mnunuzi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema oda hakuna mpaka zitoke sawa. Nilimfokea shangazi njia nzima, nikamkumbusha magoti yake.

Wiki iliyofuata nilipima mwenyewe, yeye akakaanga tu. Oda tukapata. Siku ya kwanza ya mauzo shangazi alikaa kibarazani, miguu juu ya kigoda, akanituma dukani nikawatazame wanunuzi.

"Wamesemaje?" aliniuliza niliporudi.

"Hawasemi kitu, shangazi. Wanachukua, wanalipa, wanaondoka."

"Hata salamu?"

"Wamsalimie nani?"

Akajifuta macho kwa kiganja. Chakula cha jioni hakukigusa.

Kesho yake yule mnunuzi wa duka alinipigia simu nimfuate mtu wangu. Nilimkuta shangazi kwenye kiti cha plastiki kando ya rafu, miguu kainyoosha, anamkabidhi dada mmoja pakiti kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Ni gramu mia tu. Wamenifunga mikono."