Handaki Lililopiga Hodi

Usiku wa kuamkia leo niliota majeshi ya nchi tatu yamebaki na sikio moja.

Hakuna aliyeshangaa. Mkataba wa kupambana na mahandaki ya adui ulisema wazi kwamba washirika watakuwa sikio moja, na wakubwa wakatia saini. Masikio yetu ya kichwani yakabakia kwa mambo ya juu juu tu. Ya chini ya ardhi yalisikika kwa hilo moja, pana kama ungo, lililokuwa limelazwa kwenye sanduku la risasi na kufunikwa blanketi.

"Koplo Kokubanza, zamu yako," akasema Jenerali Tumwebaze, mkuu wa operesheni, ambaye ni wa nchi jirani.

Nalilaza sikio chini, naweka shavu juu yake. Lina joto. Nasikia mizizi ya migomba ikinywa maji. Nasikia mchwa wakijenga, na jiwe kubwa likijigeuza usingizini. Machozi yalinitoka, sikuyazuia. Miaka yote nimeikanyaga ardhi hii kwa buti, wala sikujua kama inaishi namna ile.

Kisha, chini kabisa, kitu kinatambaa.

"Handaki hilo," sikio likaniambia. "Linakwenda kwa mama yako."

"Mama yangu mimi?"

"Wewe. Jikoni kwake. Limebakiza kupiga hodi tu."

Jenerali akanieleza kanuni, kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Handaki haliwezi kutoboka mpaka aliyemo nyumbani alikaribishe. Lisipojibiwa, linarudi lilikotoka. Likijibiwa, wenye bunduki waliomo ndani wanatoka, na wa kwanza kukutana nao ni mwenye nyumba.

"Afande, tumekwisha," nikasema. "Mama hajawahi kumwacha mtu mlangoni, hata wauza sumu ya panya."

Kabla sijafunga mdomo, sote tulikuwa jikoni kwa mama. Majeshi matatu yalienea vizuri. Kifaru kimoja kiliegeshwa karibu na mafiga, na mama alikuwa akikizunguka huku akimenya ndizi.

"Mama, atakayepiga hodi leo usimjibu."

"Kakosa nini, Koku?"

"Ni adui."

"Adui hapigi hodi, mwanangu."

Jenerali akapiga magoti, nyota zake zote mabegani. "Mama, nakuomba." Mama akamwonea haya mtu mzima yule, akakubali, akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Tunangoja. Sauti inatoka chini ya sakafu, ya adabu, imechoka.

"Hodi."

Mama kimya. Mimi kimya, ingawa ulimi unanicheza mdomoni.

"Hodi humu ndani."

Askari wanauma midomo. Mmoja anauma mkanda wa bunduki.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu!" akaitikia Jenerali Tumwebaze.

Alijifumba mdomo kwa viganja vyote viwili, lakini maji yalikwisha mwagika. "Malezi," akasema kwa unyonge. "Bibi yangu angenichapa."

Sakafu ikafunguka. Ubaridi ukapanda, na mbali ndani ya handaki naona tochi za watu zikija. Nikasimama mbele ya mama na bunduki yangu. "Mimi simo," bunduki ikasema, ikajiegemeza ukutani. Niliogopa. Nilimwogopea mama kuliko nilivyowahi kukiogopea kitu chochote duniani.

"Nipishe," mama akasema. "Mmeshamkaribisha mgeni, mnamwachaje amesimama?"

Akashusha kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Kwetu mgeni hupewa kahawa kabla hajaulizwa shida yake, na wawili wakigawana punje moja wamekuwa ndugu. Hakuna tena wa kumdhuru mwenzake. Mama akaipasua punje kwa meno, nusu akala, nusu akaidondosha gizani.

"Keti, utafune. Umetoka mbali?"

"Mbali sana," handaki likasema. "Wananichimba tu, mama. Sijawahi kuambiwa niketi."

Likaketi.

Sikuwahi kuona handaki likiketi, na sidhani nitaona tena. Lilianza kujivuta kutoka chini ya milima, chini ya mito, chini ya mipaka ambayo majeshi yetu yanailinda kwa zamu, likajikunja na kujikunja kama kamba anayoikusanya mchunga ng'ombe, mpaka mkia wake ukafika kichwani. Wenye tochi wakajikuta wanatokea palepale walipoingilia, wakatazamana, wakaenda zao. Ardhi yote ilitetemeka, lakini hata sufuria haikuanguka. Askari wa nchi tatu wakavua kofia bila kuamriwa, na Jenerali alikuwa analia waziwazi.

Likabaki shimo dogo tu kando ya mafiga, linatafuna.

"Sasa mimi ni wa nyumba hii," likasema.

"Basi pumzika," mama akalijibu, akarudi kwenye ndizi zake.

Niliamka kambini kumekucha. Nikampigia simu hapo hapo. Mama yangu akipokea simu hupaza sauti kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya bonde. Hata majirani zake wanazijua habari zangu zote.

Leo alipokea kwa kunong'ona.

"Mama, u mzima?"

"Mzima, Koku. Ila sema polepole, mwanangu. Mgeni wenu bado amelala."