Siku ya Kura ya Akina Mama wa Makoko

Mimi ndiye niliyeandika ile barua, kwa mkono wangu na kalamu yangu ya bluu, na sijutii. Naanza na hilo kwa sababu hapa Musoma kila mtu ameshaisimulia na kuongeza chumvi yake, mpaka kuna watu wa Bunda wanasema eti tulikamatwa. Hakuna aliyekamatwa. Hii habari anaichapa binti yangu Esta kama ninavyomsimulia. Nimemruhusu anyooshe R zangu na L zangu zote, isipokuwa neno moja ambalo nimemkataza asiliguse.

Naitwa Gaudensia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaobanika samaki Makoko. Kikundi kilikuwa kinatimiza miaka ishirini, na kwenye kikao nikasema tusherehekee ndani ya bustani ya mji, ile ya pembeni mwa ziwa, tuwakaribishe watu wote waje wale samaki wetu bure. Wenzangu wakaona nimepitiliza. Ile bustani ilipokuwa inatengenezwa, mawe yake tuliyabeba sisi vichwani, na mpaka leo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaifagiaga. Lakini kukaa ndani yake kama wenye shughuli, viti vimepangwa, hatujawahi. Humo ni harusi za wakubwa na semina za mashirika. Sisi tukiingia, tunaingia na fagio.

Nikawaambia kibali nitakileta mimi mwenyewe, na nisipokileta wanivue uenyekiti. Mdomo wangu huo. Kuna waliofurahi kusikia hivyo, maana nilipochaguliwa walinung'unika kwamba mtu wa darasa la saba ataongozaje kikundi chenye Samia, katibu wetu, mwenye kidato cha nne. Samia ana duka la vyombo kule Nyakato, mtoto wa wafanyabiashara wa hapa mjini, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji.

Utaratibu wa kibali naujua, umeandikwa kwenye ubao wa getini. Barua iende siku kumi na nne kabla, ipitie kwa mtendaji igongwe muhuri, ndipo ifike ofisi inayosimamia bustani. Nikaandika, "YAH: KUOMBA KIBALI CHA SIKU YA KURA." Chini nikaeleza vizuri kwamba kura itakuwa ya bure, itaanza saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na kila mtu, mkubwa kwa mtoto, atahudumiwa bila kubagua dini, kabila wala chama. Hilo la chama niliongeza kwa kunogesha. Samaki sikuwataja. Nani asiyejua kazi ya akina mama wa Makoko? Mtendaji akagonga muhuri huku anaongea na simu.

Majibu yakaja baada ya siku nne. Ombi limekataliwa. Bustani za umma haziruhusiwi kutumika kwa shughuli za uchaguzi. Tena kwa chini wakaongeza kwamba watoto hawaruhusiwi kupiga kura.

Niliisoma mara tatu, damu inanichemka. Uchaguzi gani? Nikaenda dukani kwa Samia nikifoka kwamba tumeonewa kwa sababu sisi ni watu wa moshi na magamba. Samia akaomba nakala ya barua yangu. Akasoma, akaweka mkono mdomoni, kisha akacheka mpaka ushungi ukamdondoka mabegani.

"Dada Gaude," akaniambia, "umeomba uchaguzi."

Ndipo akanieleza kwamba neno nililolitaka mimi lina L katikati, na nililoliandika ni lile la kwenye sanduku. Niliona aibu, nasema ukweli. Halafu aibu ikageuka hasira. Sisi Wakwaya ulimi wetu unapitaga njia moja kwa herufi zote mbili. Nimelea watoto sita kwa neno hilohilo, nawaita kutoka ziwani waje kura, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushinda njaa kwa ajili ya herufi.

Samia alitaka aandike barua mpya kwa jina lake. Lakini zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili, na barua mpya isingepokelewa. Tukageuza ile karatasi ya majibu, na nyuma tukakuta kipengele kwamba aliyekataliwa anaweza kufika mbele ya kamati na kufafanua ombi lake kwa mdomo. Kamati inakaa Alhamisi. Samia akasema basi aende yeye, kwa sababu mimi nikilitamka tena lile neno mbele ya wakubwa tumekwisha. Kikundi kizima kikamuunga mkono, hata Dafroza, mkubwa wetu kwa umri, ambaye tumebanika naye tangu jiko la kwanza. Hilo liliniuma. Nikawaambia barua ina jina langu, na nitaenda na ulimi wangu uleule.

Alhamisi tukawakuta watu watano kwenye meza ndefu. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Kasmiri, mzaliwa wa Buswahili kule Butiama, suti nyeusi, Kiswahili chake kila herufi ameipiga pasi. Mimi nilivaa kitenge cha kikundi, Samia kando yangu. Kasmiri akaniuliza shughuli niliyoiombea bustani ni shughuli gani hasa. Ile L nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. Nikafungua mdomo, ikatoka R.

"Ni kura," nikasema.

Mmoja wa wajumbe akainamia makaratasi, mabega yanatikisika. Samia akanyanyuka nusu ili anisaidie, nikamshika mkono akakaa.

"Kura ya namna gani, mama?" Kasmiri akauliza.

"Ya mdomo. Ile ya sanduku ina wenyewe. Hii yangu ni ya ugali na samaki."

Wakacheka wote. Niliwaacha wamalize. Kisha nikawaambia, bila kupaza sauti, kwamba hiyo bustani naijua kuliko mtu yeyote ndani ya chumba hicho, na kama wanadhani sijui ninachoomba waniulize masharti yake. Kasmiri akaniuliza kuhusu moto. Nikamjibu kwamba jiko haliwekwi kwenye nyasi, majiko yetu yatakaa kwenye zege karibu na bomba. Spika hatuleti, tuna ngoma mbili na zitanyamaza saa kumi. Mifupa itaingia kwenye mapipa, na mapipa hayo sisi ndio tunayaoshaga. Akauliza kuhusu turubai. Nikasema vigingi havipigwi upande wa ziwani kwa sababu chini kuna bomba la maji, kwa hiyo letu litafungwa kwenye mawe. Hilo la bomba hakuwa analijua. Alimgeukia fundi wa maji aliyekuwa kwenye kamati, na fundi akaitikia kwa kichwa.

Hapo hakuna aliyekuwa anacheka. Kasmiri akafunga faili na kusimama ili maneno yake yaingie kwenye kumbukumbu.

"Kamati imeridhika," akasema. "Kibari kitolewe."

Kibari. Alijisikia mwenyewe. Mimi nikamtazama, naye akanitazama, na ndani ya ile suti nikamwona mtoto wa Buswahili kabisa, mwenye ulimi kama wangu. Sikucheka. Yeye ndiye aliyetabasamu kwanza. Karani akauliza kwenye aina ya shughuli aandike nini, na Kasmiri akamwambia aandike kama mwombaji alivyotamka. Nikatoka pale na karatasi yenye muhuri, imeandikwa "Siku ya Kura (ya mdomo)", na kama ningekuwa na mbawa ningeruka mpaka Makoko.

Sharti la mwisho ni kwamba kibali kibandikwe getini watu wakione. Dafroza akashauri tukirekebishe kwanza kwa kalamu. Nikamwambia kibali chenye mkwaruzo ni batili, na isitoshe mimi sioni ubaya wake.

Siku yenyewe tukapanga viti kuanzia alfajiri. Samaki sato, ningu na furu wa kukaanga, ugali wa muhogo na mtama. Ilipofika saa nne foleni ilikuwa imetoka nje ya geti, watu wa Nyakato, watu wa sokoni, hata waliotoka Butiama. Kabla sijaanza kupakua nikaenda nikakaa kwenye kiti katikati ya nyasi, dakika moja tu, mikono mitupu. Nilijisikia fahari.

Nikiwa jikoni nikasikia kicheko getini. Bwana mmoja mwenye miwani alikuwa anasoma kibali kwa sauti na kuita wenzake waje waone. Akamwambia Samia, aliyekuwa anapokea wageni, kwamba kuna kosa hapo, na ni aibu kwa mji mzima. Foleni nzima ikageuka kumtazama Samia.

"Kosa liko wapi, kaka?" Samia akamuuliza, kwa ule ulimi wake ulionyooka. "Wewe umekuja kusoma au umekuja kura?"

Yule bwana akatazama karatasi, akatazama majiko yetu na sato walivyopangwa juu yake. Akasema amekuja kura. Nikampakulia.