Maksai wa Darasa la Saba

Asubuhi moja ya msimu wa mvua, Masunga alikwenda zizini kumfunga nira maksai wake mweusi, akamkuta ameandikwa hesabu ubavuni. Zilikuwa hesabu za sehemu, zimepangwa vizuri kwa chaki nyeupe, na juu yake tarehe ya siku ile. Masunga alizisugua kwa kiganja, hazikufutika. Akamaliza kufunga nira, akalima mpaka jua likawa kali, na aliporudi nyumbani alimwambia binti yake Helena kwamba kazi yake ya shule imefika.

Helena alitoka nje na daftari. Aliujua mwandiko ule tangu darasa la tatu, maana Mwalimu Damari peke yake ndiye aliyeiandika saba kwa kuikata kistari katikati. Upande wa pili wa ng'ombe kulikuwa na imla ya Kiswahili. Helena alinakili hesabu, akazunguka nyuma kwa tahadhari kwa sababu maksai yule alikuwa na tabia ya kurusha teke, akanakili na imla.

Mwaka ule wa sabini na nane kipindupindu kilikuwa kimeingia bondeni Usangu, na amri ilikuwa imetoka kwamba watu wasikusanyike. Gulio lilifungwa, ngoma zilifungwa, na Shule ya Msingi Mahongolwe nayo ikafungwa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Fanueli, alikuwa amekwenda kwao Igowole kumwoza dada yake, na vizuizi vya barabarani vikamkuta huko huko, katikati ya viazi na maziwa. Wanafunzi wengi walirudi na wazazi wao ng'ambo ya mto, kwenye makazi ya wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Amri ilisema wanafunzi wabaki majumbani na walimu wabaki vituoni. Haikusema walimu wafanye nini huko vituoni.

Damari alikuwa mtu wa kufuata jambo mpaka mwisho wake. Kengele ilipofika saa yake aliigonga, akaingia darasani, akayasalimu madawati na kuanza kipindi. Aliuliza maswali, akasubiri kidogo, akaendelea. Mchana alifuta ubao, na ng'ambo ya mto ubavu wa maksai ukawa mweusi tena.

Maksai huyo aliitwa Bandari kwa sababu ya upana wake. Masunga alikuwa akilima naye mashamba ya nusu ya kijiji, na hapo ndipo masomo yalipopata njia. Kwa kuwa watoto hawakuruhusiwa kukusanyika, Bandari aliwafuata mmoja mmoja, leo jaruba la mzee Limbu, kesho la akina Malimi. Mtoto wa nyumba alikaa ukingoni mwa jaruba na daftari magotini. Bandari akipita kwenda, mtoto alisoma hesabu; Bandari akigeuka na kurudi, alisoma Kiswahili. Aliyeandika polepole alimwomba Masunga apunguze mwendo, na Masunga, ambaye hakuwahi kupunguza mwendo kwa ajili ya mtu, alipunguza. Bwana afya alikuja kukagua, akatazama kwa muda, akasema kundi la ng'ombe si mkutano, ila watoto wanawe mikono.

Shida zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ni josho. Bwana mifugo hakutaka kusikia habari za masomo, ng'ombe wote walipaswa kuogeshwa dawa ya kupe, na kila Bandari alipotoka joshoni alitoka mtupu. Siku hizo Damari aliingia darasani akakuta ubao umelowa na darasa zima linanuka dawa. Alifungua madirisha, akaandika upya.

Ya pili ni nzi. Helena ndiye aliyeitatua. Alikoroga majivu na maji, akamwandika Bandari pajani: "Mwalimu tunaona. Tafadhali andika kubwa, nzi wanakaa juu ya nukta." Siku ileile, pembeni chini ya ubao, Damari aliyasoma maneno hayo kwa mwandiko wa mwanafunzi wake, ya rangi ya kijivu na yenye harufu ya zizi. Alikaa juu ya dawati, akalia kidogo kwa furaha, kwani ni kazi ngumu kuyafundisha madawati. Kisha akainuka na kuandika kubwa. Tangu hapo watoto walijibu kwa majivu na yeye akasahihisha kwa chaki nyekundu, na vijana waliokuwa wakichunga mbali waliona alama za vema zikimtokea ng'ombe pajani, moja baada ya nyingine, hali yeye anakula majani.

Sasa inafaa ijulikane Damari alikuwa akilala wapi. Alikuwa akilala stoo. Stoo ya Mahongolwe ilikuwa chumba cha udongo chenye paa la nyasi, ndani kuna majembe ya shule, mbegu za mahindi, goli moja la mpira wa miguu, na kitanda cha mwalimu. Paa lilivuja juu ya kitanda na halikuvuja juu ya mbegu, jambo ambalo kamati ya shule ililiona kuwa la heri. Kila mwaka kijiji kiliahidi kumjengea nyumba. Si kwamba Damari alikuwa na makuu. Mama yake alikuwa peke yake huko Rungwe, mjane, magoti yameanza kugoma kupanda milima, naye Damari alitaka jambo moja tu, amlete mama yake wakae pamoja. Stooni hapakuwa na nafasi ya kitanda cha pili, labda goli litoke, na goli lilikuwa mali ya shule.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kalinga, alikuwa mtu mwema na mwepesi wa kuahidi. Aliposikia jinsi watoto wanavyosoma, alikuja mpaka ukingo wa uwanja wa shule, akasimama mbali kama amri ilivyotaka, akapaza sauti.

"Mwalimu! Kipindupindu kikiisha tu, kijiji kinakushukuru kwa nyumba. Ya bati!"

Damari alishukuru kwa sauti ileile kubwa. Jioni hiyo alimwandikia mama yake barua, kwamba barabara zikifunguliwa apande basi aje, nyumba ipo njiani.

Kipindupindu kilipungua, vizuizi vikaondolewa. Mwalimu Fanueli alirudi kutoka Igowole akiwa amenenepa mashavu, na watoto wakarudi madarasani, ingawa Bandari aliendelea kuandikika kama kawaida, kwa faida ya wagonjwa na waliokuwa machungani. Afisa elimu alikuja kutoka Mbeya akiwa na wasiwasi kwamba shule za bondeni zimerudi nyuma. Aliwapima darasa la saba hesabu za sehemu, wakazipata zote. Akauliza wamesomaje. Helena akampeleka ng'ambo ya mto kumwona Bandari. Afisa alimzunguka mara moja, akasoma pande zote mbili, akagundua mkato uliokosekana kwenye imla. Alisema huu ni mfano wa kujitegemea, na akaagiza kijiji kifanye siku rasmi ya kuwashukuru wote waliowasaidia watoto wakati wa kufungiwa.

Mkutano ukaitishwa. Mzee Kalinga, tumpe haki yake, aliitaja nyumba ya mwalimu kabla ya jambo lingine lolote. Matofali yalikuwa tayari, vijana walikuwa tayari, na bati zilikuwa zimepatikana, za nyumba moja. Watu wakapiga makofi. Damari alikuwa ameketi na kina mama, mikono mapajani, akimpangia mama yake mahali pa kuweka kitanda.

Hapo Masunga akaomba kusema. Hakuwa na ubaya, hilo lazima lisemwe. Alikuwa mtu aliyemwamkia mwalimu kwa kuvua kofia.

"Mimi simkatai mwalimu," alisema. "Mwalimu tunampenda wote, na mtoto wangu amesoma kwa ajili yake. Lakini tuseme ukweli. Mwalimu akiugua, serikali italeta mwalimu ingine. Bandari ikiugua, tutaletewa na nani?"

Watu wakalitafakari, na kila walivyolitafakari liliwaingia. Mzee Limbu aliongeza kwamba ng'ombe anaweza kuibwa, mwalimu haibwi. Mwingine akakumbusha kwamba Bandari analala nje kwenye tope, tena mweusi, na mvua ya mwezi wa nne ina baridi. Kwa wafugaji hili halikuwa jambo la mzaha. Mtu anayekufanyia kazi unamshukuru, lakini ng'ombe anayekufanyia kazi mbili kwa nira moja unamtunza, la sivyo watu wanakucheka mpaka Shinyanga. Mwalimu Fanueli aliinuka kusema neno kwa ajili ya mwalimu mwenzake, akaanza na hotuba ya ushirikiano, akapotelea humo humo.

Mzee Kalinga alimgeukia Damari kwa macho ya kuomba radhi, akamuuliza ana maoni gani. Damari aliitafuta kasoro katika hoja ya Masunga kama anavyoitafuta katika daftari. Aliiona, nayo ilikuwa yeye mwenyewe, mwenye chaki. Lakini mwanamke aliyelelewa vizuri hasimami mbele ya umati kujipigia debe dhidi ya ng'ombe. Akasema yeye hana neno, mradi watoto wasome. Mikono ikanyooshwa. Nyumba akapata Bandari, na ya mwalimu ikapangwa mwakani.

Ujenzi ulikwenda kwa raha isiyo kifani. Vijana wa Kisukuma walichimba msingi kwa nyimbo, kina mama wa Kisangu walileta maji na togwa, na watoto walipokezana matofali mkono kwa mkono. Damari naye alibeba, na alicheka na wenzake, kwa sababu siku ile ilikuwa nzuri kweli na kukunja uso peke yako ni kazi. Nyumba ilitoka imenyooka, ya matofali ya kuchoma, bati zinang'aa, sakafu ya saruji yenye mteremko wa kupitishia maji, mlango mpana wa kutosha pembe, na dirisha kubwa ili watoto waweze kusoma kutoka nje. Siku ya shukrani Bandari alivishwa utepe. Mwalimu Fanueli alipewa kofia. Damari alipewa kanga na makofi marefu, akafurahi, akaitunza kanga stooni juu ya magunia ya mbegu, pasipovuja.

Alikuwa amekwisha kumwandikia mama yake barua ya pili, kwamba asije kwanza. Lakini mabasi ya Tukuyu siku zile yalikuwa na haraka kuliko posta. Mama alishuka Chimala na godoro lake, ndizi mkungu mzima, na Biblia. Masunga alikuwa hapo na mkokoteni, amepeleka mpunga mashineni, akampakia. Njia nzima mama yule alikaa nyuma ya Bandari akisoma ubavu wake kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Alisema mwandiko wa mwanawe umekuwa mkubwa siku hizi. Masunga akasema ni kwa sababu ya nzi.

Mbele ya nyumba ya bati mama aliuliza kama ndiyo yenyewe. Masunga hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Ni ya ng'ombe hii, mayu. Ya mwalimu ni mwakani."

Mama alichungulia ndani. Aliona sakafu, akaona dirisha, akatazama juu asione nyota hata moja kupitia paa. Akauliza kama ng'ombe huyu anakoroma. Masunga akasema hakoromi, ila anarusha teke ukimpitia nyuma. "Ndaga," mama alisema, akashukuru kwa lugha ya kwao, akaingiza godoro upande wa dirishani. Bandari alipofunguliwa nira na kuingia, alisogea kumpisha.

Kijiji kilipendezwa sana. Bandari sasa alikuwa na mtu wa kumwangalia, na mtu mwenyewe alikuwa msafi. Damari alikuja mbio ng'ambo ya mto, wakakumbatiana, wakala ndizi. Alipotaka kulala huko huko, Mzee Kalinga alimkumbusha kwa upole kwamba stoo ikikosa mtu, majembe ya shule yataondoka. Hilo lilikuwa kweli. Damari akarudi.

Basi ikawa kila siku, watoto wakishaondoka, Damari anaandika chini kabisa ya ubao: "Mama, umeshindaje?" Mama anachukua majivu jikoni, anampigapiga Bandari mgongoni ili atulie, anajibu. Nimeshinda salama. Leo nimepata samaki. Magoti hayaumi huku. Wakati mwingine Damari alicheka peke yake darasani mpaka mbuzi wa uwanjani wakageuka kumtazama.

Kisha ikaja mvua ya siku nzima, ile ya kufungia msimu. Mama alikaa akiisikiliza juu ya bati, akafikiria lile paa la nyasi. Aliandika kwa herufi kubwa zilizoenea ubavu wote, toka begani mpaka kwenye nyonga.

Asubuhi Masunga alimtoa Bandari nje, akasoma. Mzee Limbu akasoma. Mzee Kalinga aliyekuwa akipita kwenda ofisini alisimama, akasoma taratibu mpaka mwisho, akausifu mwandiko wa mama, akasema kisomo kimezaa matunda. Shuleni nako darasa la nne waliingia, wakaona ubao umejaa, wakajua somo limeshawekwa. Wakafungua madaftari na kunakili bila kuambiwa: "Njoo ulale huku mwanangu, huku hapavuji."

Damari aliingia nywele zikiwa bado mbichi, akawakuta wameinama wanaandika. Akapita dawati kwa dawati na kalamu nyekundu. Hakuna aliyekosea. Akawapa wote vema.