Marehemu Dédé Anapima Kayaki

Siku ya posho, yaani Jumamosi, saa nane ya mchana, Albertine na mdogo wake Donat waliingia katika depo ya Paulin, muuza mitumbwi, kwenye njia ya Kasenga. Walitaka kayaki, ule mtumbwi wa plastiki wa kuvulia samaki. Donat alikuwa amepoteza kazi ya mgodi. Sasa ataenda kuvua Luapula, pale mto unatanuka na upepo unapiga maji pande zote. Albertine hakuwa na ndugu mwingine.

Kayaki zilipangwa juu ya mchanga mkavu. Nyekundu ilikuwa nyembamba, nyepesi. Ya kijani ilikuwa pana, nzito kama kabati. Donat aliingia katika nyekundu, akajitikisa kushoto na kuume.

— Inatulia, yaya, akamwambia dada yake.

— Ku muchanga, ata sahani inatulia, Albertine akamjibu.

Ndipo Dédé, bwana yake Albertine, akafika. Alikufa mwaka jana kule Luapula, ndani ya kayaki nyekundu iliyotoka depo hii hii. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika. Tangu afe hakusema neno. Alimsalimia shemeji yake kwa kichwa, akavua viatu, akakaa katika nyekundu. Maji yakapanda kutoka chini, polepole, mpaka kifuani, na kayaki ikalala ubavu. Akatoka, akakaa katika ya kijani. Ile ikabaki kavu.

— Anakuyaka hapa kila posho, Paulin akasema. Ananisaidia kazi.

— Ulijua ile nyekundu iko ya mito midogo. Ukamuuzishia ya Luapula.

— Mama, yeye mwenyewe alichagua. Rangi ilimupendeza.

Dédé aliangalia chini. Ilikuwa kweli.

Albertine akachukua ya kijani. Wakati Donat anaifunga juu ya gari, Paulin aliipindua nyekundu, akamwaga maji, akaipangusa kwa kitambaa, akairudisha mbele. Mwalimu mmoja wa Kasomeno, jina lake Symphorien, akaingia. Alimsalimia Dédé, akidhani ni mfanyakazi. Akakaa katika nyekundu, akajitikisa.

— Utavulia wapi, papa? Albertine akamuuliza.

— Luapula, mama.

— Basi acha iyi. Ya namna iyi njo iliua bwana yangu.

Symphorien akacheka.

— Weye mama uko mujanja. Unaitaka, njo maana unaniogopesha. Sikuachii.

Akalipa hapo hapo.

Dédé hakumfuata bibi yake. Alizunguka, akalala nyuma ndani ya nyekundu, pale palipofunikwa, asionekane, mikono juu ya tumbo. Symphorien na Paulin wakainua kayaki, wakaiweka chini, wakaishika tena vizuri.

— Banasema iko nyepesi, Symphorien akasema.

— Ni plastiki ya nguvu, papa, Paulin akamjibu.

Wakaibeba kuelekea barabarani. Matone yalianguka nyuma yao, moja moja, kisha mfululizo.

— Na haya mayi?

— Tumeiosha sasa hivi, Paulin akasema.