Alama ya Tupa

Vidole vitatu viliingia baina ya turbo na bomba la ekzosi, cha nne kikakataa. Hivyo ndivyo Kipimo alivyojua ukubwa wa balaa. Alikuwa amelala chali chini ya gari kuukuu la Mwalimu, juu ya boksi lililokunjuliwa, kutu ikimdondokea ndevuni, na juu ya uso wake vyuma viwili vilivyopaswa kukutana vilikuwa vimepeana migongo kama ndugu walionuniana msibani. Turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, ilielekea chini. Bomba, lililotoka kwa wauza vyuma chakavu likiwa limeng'olewa katika gari la aina hiyohiyo lakini la miaka ya baadaye, lilielekea pembeni.

"Vipi huko chini, Mjomba?" Ilikuwa sauti ya mpwa wake, ambaye ndiye mwenye gereji.

"Vimegombana. Nitavisuluhisha."

"Mwalimu anakuja saa tisa. Gereji nne zimemkataa, ya tano ni sisi. Nimemwambia hilo halimshindi Kipimo."

"Hukumdanganya."

Miguu ya mpwa haikuondoka mara moja. Kipimo aliisikia ikisimama karibu na gurudumu, ikimtafakari; kisha ikaenda.

Jina la Kipimo alilipata kwa sababu katika miaka thelathini na moja ya kazi hakuwahi kushika utepe wa kupimia. Alikuwa akilitazama pengo mara moja, kichwa kimeinama upande kama kuku anayechungulia punje, halafu anakwenda mezani, anakata, anarudi, na kipande kinakaa mahali pake kama ulimi kinywani. Mpwa wake alijifunza kazi kwa kumtazama akitazama.

Siku hizi alitazama kwa vidole. Macho yalikuwa yamemwacha taratibu, kama wageni waungwana wanaoaga mmoja mmoja: kwanza zilikwenda pembe za dunia, kisha nyuso za watu waliosimama kando, kisha ngazi, kisha namba za spana. Kilichobaki kilikuwa tundu la ufunguo, na nyuma ya tundu hilo, ukungu. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwishakwenda hakirudi.

"Ni moto wa kuchomelea, sivyo?" Kipimo aliuliza.

Daktari alisema hapana, moto hauhusiki. Ni maradhi tu. Jibu hilo lilimuuma kuliko yote. Lau macho yangeliliwa na kazi, angalau angemjua aliyeyala.

Gerejini hakuna aliyejua. Nani humpa kipofu moto aushike? Siku watakayojua ndiyo siku atakayozikabidhi spana, na bila spana hakujua yeye ni nani.

Mkewe alijua. Ndiye aliyezifunga spana nyuzi: uzi mmoja kwa namba kumi, nyuzi mbili kwa kumi na mbili, tatu kwa kumi na nne. Alizifunga kimya, amekaa ukingoni mwa kitanda, na alipomaliza ya mwisho akasema, "Mficha maradhi, baba, kilio humfichua."

"Mwaka mmoja tu, mke wangu."

"Ulisema hivyo mwaka juzi."

"Kipimo wee!" Alikuwa mpaka rangi wa gereji, akimwita kutoka upande wa pili wa ua; mdomo wake haukuwahi kupumzika hata alipouziba kwa kitambaa. "Naona spana zimevaa shanga tena leo. Zinaolewa lini, tuchange?"

"Zimekwishaposwa. Wewe tu ndiye uliyekataliwa."

Ua mzima ulicheka. Kipimo naye alicheka, na wakati huohuo mkono wake ulikuwa ukipapasa sakafuni, ukiitafuta namba kumi na nne iliyolala shubiri moja tu kutoka sikioni mwake.

Dawa ya mabomba yasiyokutana aliijua kama njia ya kwao. Kwanza flenji, ile sahani nene ya chuma yenye matundu matatu ya bolti inayoliunganisha bomba na turbo, hukatwa kutoka kwenye bomba na kufungwa peke yake kwenye turbo. Kisha bomba huning'inizwa kwa raba zake, kila kitu kikiwa kimelegea, maana anayekaza bolti kabla vyuma havijazoeana huja kuipasua turbo. Halafu bomba hukatwa mshazari mpaka liifikie flenji. Na hapohapo, chini ya gari, fundi hupiga nukta mbili tatu za moto ili vishikane, ndipo avishushe akavichomelee mezani.

Nukta hizo ndizo zilizokuwa zimemshinda. Kizani, juu ya kichwa chake, asingeweza kujua ncha ya fimbo ya kuchomelea imegusa wapi. Kwa hiyo alibuni njia yake. Vyuma vikishakaa sawa alivipiga tupa: mkwaruzo mmoja ukingoni mwa flenji, mmoja juu ya bomba, mkabala. Mezani kidole gumba kiliutafuta wa kwanza, kikautafuta wa pili, kikaikutanisha, na vyuma vikarudi katika mkao uleule vilivyokuwa nao chini ya gari. Tangu mwaka juzi njia hiyo haikuwahi kumwaibisha.

Alipokwisha kukata na kuning'iniza, akapiga tupa. Akavifungua vyuma, akatambaa nje, akaenda navyo mezani: hatua kumi na mbili, kona, hatua nne. Akaibana flenji kwenye jiliwa, akaacha kidole gumba kizunguke ukingo wake, na mara kikatumbukia. Mkwaruzo ulikuwa na kina zaidi kuliko alivyokumbuka. Akashukuru. Leo mkono una nguvu, aliwaza. Akaukutanisha na wa bomba, akavaa kinyago, akawasha.

Hapo alikuwa nyumbani. Mwali ule, uliogeuka nyota ya kijani nyuma ya kioo cheusi, ndicho kitu pekee alichokiona bado kikiwa kizima. Ulikaa katikati ya tundu lake la ufunguo kana kwamba uliumbwa kwa kipimo hicho. Mengine aliyasikia. Moto mzuri hukaanga kwa sauti moja, kama vitunguu katika mafuta ya kiasi. Ukisogea mbali hulalama, ukikaribia mno hukabwa. Kipimo alisikiliza huku akizunguka, polepole, na mshono ukatoka laini, wa magamba magamba.

"Mshono huo, Mjomba," mpwa wake alisema nyuma yake chuma kilipopoa, "mtu angeweza kuuvaa kidoleni."

Kipimo aliupitishia kidole gumba, akatabasamu.

Mwalimu alifika kabla ya saa tisa, akasimama karibu na gari lake kama mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji. Alikuwa mstaafu mwenye sauti iliyozoea madarasa makubwa. "Kila fundi aliyeliona gari hili alinipa pole," alisema. "Mmoja aliniuliza kama nina watoto wa kunifariji."

"Leo utapewa hongera," Kipimo alimjibu, akatambaa chini na bomba kifuani.

Aliinua flenji. Bolti ya kwanza ikaingia kwa vidole. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia kama kisu katika siagi, na Kipimo akafumba macho, hayo macho yasiyo na kazi, akapaza sauti ili ua wote usikie:

"Imekaa!"

Alingoja utani wa mpaka rangi. Haukuja. Mahali fulani ndoo iliwekwa chini kwa uangalifu, kama inavyowekwa penye mgonjwa.

"Fundi," Mwalimu alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepungua, "ndivyo linavyotakiwa kuwa?"

"Ndivyo hasa."

Akapeleka mkono nyuma kulishika bomba mahali lilipopaswa kukutana na lenzake la nyuma. Akashika hewa. Akapeleka mbali zaidi, hewa. Mkono ukahangaika gizani mpaka ukaligonga, mbali kabisa, likielekea kwenye gurudumu kama kidole kinachomshtaki mtu.

Kidole gumba kikarudi kwenye flenji chenyewe, bila kuamrishwa. Kikaukuta mkwaruzo wenye kina. Ndani yake mlikuwa na kutu. Kikasogea upana wa vidole vitatu, kikaukuta mwingine, mwembamba, wenye kingo kali za chuma kipya. Huo ndio uliokuwa wake. Ule wa kwanza uliachwa na fundi mwingine, katika gereji nyingine, chini ya gari lililokwishakuwa chuma chakavu. Labda naye alikuwa na sababu ya kutaka kidole kikumbuke. Labda naye alikuwa akificha. Kipimo alilala pale akiwa ameshika alama ya mtu asiyemjua, na hakutamani kutoka.

"Mjomba. Toka."

Alitoka. Mpwa wake alikuwa amechuchumaa mbele yake. Kipimo aliuona uso, kipande cha uso, shavu na jicho moja.

"Shika bolti hii."

Kipimo alinyosha mkono. Ukapita. Ukarudi, ukapapasa kushoto, ukapapasa juu, na kimya cha ua kikamjulisha kwamba bolti ilikuwa upande mwingine kabisa, katika ile sehemu ya dunia iliyokwishamuaga.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Mpwa alivuta pumzi. "Mjomba, umefunga breki za watu."

"Zilishika."

"Gari la wale watoto wa shule..."

"Zilishika, mwanangu. Kila moja niliikagua mara tatu kwa vidole."

"Zilishika," mpwa alirudia, lakini sauti yake ilikuwa tayari inatembea kutoka gari hadi gari, mwaka hadi mwaka, ikihesabu waliopanda. Kisha akasimama. "Nenda ukakae kidogo, Mjomba."

Laiti angefoka. Alisema kwa heshima, ile heshima anayopewa mzee anayesaidiwa kuvuka barabara. Mpaka rangi alileta kiti, na kabla Kipimo hajakaa, alikifuta kwa kitambaa chake mwenyewe. Kwa miaka yote waliyotukanana hakuwahi kumfutia kiti.

"Kaa hapa, kaka," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo pia.

Kipimo alikaa, mikono imelala mapajani kama vitu vilivyosahauliwa na mtu mwingine. Alisikia grainda ikiukata mshono wake. Ilichukua muda, mshono ulikuwa mzuri, haukutaka kuachia. Alisikia flenji ikirudishwa kwenye turbo, nukta mbili za moto zikipigwa chini ya gari, kisha ya tatu.

"Usikaze ya turbo kwanza," alisema kwa sauti. "Ning'iniza zote, halafu kaza kutoka mbele kurudi nyuma."

"Najua, Mjomba." Na baada ya kitambo, kwa upole uliomaliza kila kitu: "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Jua lilikuwa limeinama Mwalimu alipowasha gari. Liliunguruma. Watu walipiga makofi, Mwalimu akacheka kama mtoto, akakanyaga mafuta, na turbo ikajibu kwa mluzi wake mrefu unaopanda. Mpwa alipigwa bega, akasifiwa mikono yake.

Ndipo Kipimo akaisikia. Chini ya mngurumo, chini ya makofi, kulikuwa na pumzi nyembamba iliyokuwa ikitoroka pembeni mwa flenji. Gasketi, ile pete inayoziba kati ya flenji na turbo, ilikuwa imekaa kombo upande mmoja. Akageuza kichwa huku na huku. Hakuna aliyeacha kucheka. Hakuna mwingine aliyeisikia.

Akainuka kitini, akanyosha mkono juu, akafungua kinywa.

Gari lilikuwa limekwishaanza kurudi nyuma kuelekea langoni. Mwalimu akauona ule mkono, akapiga honi mara mbili, kwa furaha, kumuaga. "Ahsante, fundi! Mungu akuweke!" Akaingia barabarani. Kipimo aliifuata ile pumzi kwa masikio, ikipita kona, ikipita ukuta, ikichanganyika na magari mengine mpaka ikawa haina mwenyewe. Uani watu walikuwa wameanza kukusanya vyombo, wakimpita kwa mbali, kwa adabu. Mkono wake ulikuwa bado juu.